Nani kaupiga pasi uso wa Ripley?

Chukua diski ya 4K ya filamu ya Aliens iliyotoka Machi 2024. Isimamishe mapema, pale Ripley, shujaa wa kike wa filamu hiyo, yupo kitandani kwenye hospitali ya kituo cha angani, halafu sogea mpaka pua ikaribie runinga. Nyusi zimekolea kana kwamba zimepitishiwa wanja. Nywele unaweza kuzihesabu. Ila paji la uso na mashavu yametulia mno, hayana kinyweleo wala kitundu, kama shati lililotoka kwa dobi. Sasa itoe diski hiyo uweke DVD ya zamani. Ukali unapungua, kweli, lakini ngozi inarudi kuwa ngozi, na hewa yote ya chumba kile inachemka vidoti vidogo vidogo.

Shabiki mmoja atakwambia hatimaye filamu imeoga. Mwenzake atakwambia imechunwa ngozi. Wote wawili wameitazama mara thelathini, wote wanaipenda, na hawasalimiani.

Kwa mtu wa pembeni jambo hili ni kichekesho. Filamu ya mwaka 1986 inabadilikaje mwaka 2024? Tatizo ni kwamba wanaogombana wana ugomvi zaidi ya mmoja. Wana mitatu, imesukwa pamoja kama ukili. Upo wa picha: safi au yenye chembe, yaani vile vidoti? Upo wa mkato: ile fupi iliyoonyeshwa sinema au ile ndefu iliyotoka baadaye? Na upo wa mwendelezo: filamu zipi zihesabiwe kwenye hadithi ya Ripley, na zipi tujifanye hazikuwahi kutengenezwa? Anayeanza na mmoja, kabla chai haijapoa, yumo ndani ya yote mitatu. Ndiyo maana mabishano hayafiki mwisho: huyu anazungumzia ngozi, yule anamjibu kwa habari za Newt, mtoto wa kike wa kwenye Aliens.

Tuanze na mahali hadithi yenyewe ilipoanzia. Mwaka 1979 Mwingereza Ridley Scott alitoa Alien. Wafanyakazi saba wa meli ya mizigo ya angani wanaamshwa usingizini kwenda kukagua mawimbi yasiyojulikana, mmoja anarudi na kitu kimemganda usoni, yaliyobaki ni historia ya jinamizi. Zimwi lilichorwa na msanii wa Uswisi, H.R. Giger. Ndani ya vazi la zimwi alikuwemo Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa ya michoro London, mwembamba, urefu wake umevuka mita 2. Scott alimwonyesha kwa ubahili wa hali ya juu. Unaona mkono, unaona mate, unaona minyororo inaning'inia na maji yanadondoka, unaona paka. Kwenye dakika za mwisho, ndani ya kimeli cha kukimbilia, zimwi limejikunja katikati ya mabomba na kichwa chake kinafanana na bomba. Liko mbele ya macho yako muda wote na hulijui.

Kumbuka hilo giza. Tutalirudia, maana nusu ya ugomvi wa chembe imo mle.

Miaka 7 baadaye James Cameron alipewa mwendelezo na akakataa kupika chungu kile kile. Alitengeneza filamu ya vita: askari, bunduki, koloni zima limekufa, mtoto wa kike mmoja amebaki. Mazimwi yanayoonekana ni jeshi, lakini mavazi yaliyokuwepo yalikuwa kama sita hivi. Malkia wao, mwanasesere mwenye urefu wa zaidi ya mita 4 kutoka karakana ya Stan Winston, alikuwa na watu wawili tumboni na kundi zima la wengine wakimwendesha kwa nje. Yote hayo yaliuzwa kwa moshi, taa zinazopepesa na mkato wa haraka. Aliens ilipata Oscar mbili, ya madoido ya picha na ya uhariri wa sauti, na Sigourney Weaver, anayemwigiza Ripley, akateuliwa kuwania ya mwigizaji bora wa kike, jambo ambalo filamu za mazimwi hazijazoea.

Sasa chembe.

Mkanda wa filamu hauna pikseli. Una utando wa jelatini wenye punje ndogo mno za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa zinageuka. Maabara inaposafisha mkanda kwa dawa, pale palipoguswa na mwanga panaota rangi, kisha fedha yenyewe inaondolewa. Kinachobaki ni vijiwingu vya rangi, mamilioni kwa mamilioni, vimetapakaa bila mpango. Fremu, yaani picha moja moja za mkanda, ni 24 kwa sekunde na kila moja ina mtapakao wake, kwa hiyo zikipita mbele ya macho unaona vidoti vinacheza.

Watu wengi hudhani vidoti hivyo ni vumbi lililokaa juu ya picha, na kwamba palipo na kitambaa kizuri vinafutika. Hapana. Ndivyo picha yenyewe. Isogelee kanga: ua unaloliona kwa mbali, kwa karibu ni nyuzi zilizopakwa rangi. Huwezi kuzichomoa nyuzi ukabaki na ua.

Mkanda unaonasa mwanga kidogo, ule wa kupigia gizani, una punje kubwa zaidi, na hivyo vidoti vinavyoonekana zaidi. Aliens ilipigwa kwa mkanda wa namna hiyo kutoka Kodak, kwenye korido zisizo na taa. Kwa miaka mingi Cameron amekuwa akilalamika kwamba mkanda ule ulimwangusha, ulikuwa na chembe kuliko alivyotaka, na Kodak wenyewe wakaja kuubadilisha baada ya muda mfupi. Shikilia hapo, kwa sababu watetezi wa chembe mara nyingi huliruka jambo hili. Wao husema, "Mwongozaji alikusudia chembe." Scott pengine. Cameron amesema wazi kwamba hakukusudia.

Alipopata nafasi, mwaka 2010 wakati Blu-ray yake, diski ya kizazi kilichofuata DVD, inatoka, alisimamia mwenyewe usafishaji. Watu walinung'unika kidogo kuhusu rangi iliyoelemea bluu na kijani, lakini kwa jumla toleo lile lilipokelewa vizuri. Chembe zilipungua bila kupotea. Mwaka huo huo ilitoka Blu-ray ya Predator ambayo mashabiki mpaka leo wanaitolea mfano wa kutisha: Arnold Schwarzenegger ana uso wa mshumaa, msitu mzima umekuwa plastiki. Ilipofika zamu ya 4K mwaka 2018, chembe zilirudishwa. Ndiyo kusema, mkanda asilia ukiwepo kabatini, kosa la usafishaji linarekebishika.

Usafishaji wa kompyuta hufanyaje kazi? Programu inalinganisha fremu hii na zilizopita na zinazokuja. Kilichotulia mahali pake inakihesabu kuwa picha. Kinachorukaruka inakihesabu kuwa uchafu na kukifuta. Akili nzuri, ila duniani kuna vitu vya kweli vinavyorukaruka: jasho linaloteremka shingoni, mvuke, vinyweleo vya mkono, mng'ao ndani ya jicho linalotaka kulia. Programu ikiwa na pupa inafagia na hivyo. Kisha, kwa kuwa picha iliyofagiwa huonekana imelegea, fundi anaongeza ukali kwenye kingo, ndipo nyusi zinapata wanja.

Toleo la 2024 lilienda hatua mbele. Kazi ilipelekwa Park Road Post, karakana iliyoko Wellington, New Zealand, ya mwongozaji Peter Jackson. Hao ndio waliochukua filamu za mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza na kuzifanya zionekane kama zimepigwa jana, halafu wakafanya hivyo kwa picha za Beatles wakiwa studio. Zana zao zinatumia akili mnemba: kompyuta iliyofunzwa jinsi nywele, ngozi na vitambaa vinavyokuwa, na inapokuta pana ukungu inajaza kwa kadiri ilivyofunzwa. Kwa picha za mwaka 1916 zilizokwaruzika na kukimbia kasi isiyo sawa, watu walitokwa machozi kwa kuona nyuso za askari wale. Lakini Aliens haikuwa mahututi. Negativu, yaani mkanda wenyewe uliopita ndani ya kamera, ipo. Imepewa dawa ya mgonjwa wa ICU ilhali ilikuja kliniki kupima presha.

Na pamoja na Aliens, mwezi huo huo zilitoka The Abyss na True Lies, za Cameron pia, zikiwa zimepita mikono ile ile. Ya tatu ndiyo iliyotukanwa zaidi. Cameron alipoulizwa hakubembeleza mtu: aliwaambia wanaokagua chembe watoke kwenye chumba cha chini ya nyumba ya mama zao wakakutane na watu. Jibu lile liliwasha moto badala ya kuuzima, kama ulivyotarajia.

Hapa kuna fundo ambalo wapenda chembe hawapendi kulifungua. Mtazamaji wa mwaka 1986 hakuona negativu. Kutoka negativu ilitolewa nakala chanya, kutoka nakala hiyo ikatolewa negativu ya pili, kutoka hiyo ya pili ndipo zikachapwa nakala za majumba ya sinema kwa mamia. Kila hatua ilipunguza undani na kuongeza chembe zake. Halafu nakala ikapitishwa kwenye mashine ya projekta kila siku kwa wiki kadhaa, ikachunika. Kwa hiyo skani ya 4K ya negativu, hata usipoigusa kwa programu yoyote, inakuonyesha kitu ambacho hakuna jumba la sinema lililowahi kukionyesha: gundi kwenye shingo ya kinyago, waya, rangi ya ukutani isiyokauka vizuri. Anayesema anataka "ilivyokuwa sinema" na anayesema anataka "kilichomo kwenye negativu" wanataka vitu viwili tofauti, japo mara nyingi ni mtu yule yule katika sentensi moja. Ndiyo maana wapo mashabiki wanaosaka nakala kuukuu za sinema na kuziskani wenyewe, mikwaruzo na yote.

Linganisha na Alien yenyewe. Kwa miaka yake 40, mwaka 2019, ilitolewa 4K iliyoskaniwa kutoka negativu, na chembe zikaachwa zilivyo. Sijasikia mtu akiigombania. Ukiitazama usiku, taa zimezimwa, pale Brett, mmoja wa wafanyakazi wale saba, anapomtafuta paka kwenye chumba cha minyororo, giza halijatulia. Linatembea. Macho yanatafuta umbo ndani ya vidoti, na kila mara yanadhani yamelipata. Sidhani Scott na mpiga picha wake, Derek Vanlint, walikaa wakapanga kwamba chembe ziwe mwigizaji wa nane, lakini zimekuwa. Gizani pakisafishwa pakawa peusi tii, jicho linapumzika. Filamu ya kutisha haina haja ya jicho lililopumzika.

Maoni yangu, kwa kuwa nimeshawapitisha njia yote hii: Cameron ana haki ya kuutengeneza upya uso wa Ripley, ni kazi yake, na kuhusu mkanda wa Kodak namwamini. Ninachokataa ni mashine kuchora kinyweleo kisichokuwepo. Kupunguza chembe ni kuondoa. Kubuni ukope ni kuongeza, na mwigizaji hakuigiza ukope huo. Tena mpiga picha mkuu wa filamu ile, Adrian Biddle, alifariki mwaka 2005. Hakuwepo mezani kusema mwanga wangu haukuwa hivi. Studio ingeweka diski mbili kwenye boksi moja, ya zamani na mpya, nusu ya kelele ingekwisha.

Ugomvi wa pili, wa mkato, ni mtamu zaidi kwa sababu hauhitaji runinga ya gharama. Aliens ya sinema ina dakika 137. Toleo maalumu lililotoka kwa mashabiki mwanzoni mwa miaka ya 1990 lina 154. Dakika 17 si nyingi, lakini angalia zimewekwa wapi. Mwanzoni tunapelekwa kwenye koloni likiwa hai: watoto wanakimbiza baiskeli koridoni, familia ya Newt inakwenda kwenye meli iliyoanguka, baba anarudi na kile kitu usoni. Katikati kuna bunduki za kujiendesha zinazolinda mahandaki, risasi zinahesabika kushuka, na askari wanatazama tu namba. Na kuna tukio dogo kuliko yote: Ripley, aliyelala angani kwa miaka 57, anaambiwa kwamba binti yake amezeeka na kufariki akiwa na miaka 66. Anapewa picha ya bibi kizee. Anaigusa.

Cameron amesema mara kadhaa kwamba hiyo ndefu ndiyo aliyoikusudia. Tukio la binti silibishi. Bila hilo, Ripley kumng'ang'ania Newt ni ushujaa; likiwepo ni kisasi cha mama dhidi ya muda. Lakini tukio la koloni linaharibu. Kwenye ile fupi unaingia koloni pamoja na askari, hujui chochote, mvua inanyesha, milango iko wazi, kuna donati iliyong'atwa mezani. Ukishawaona watu wale wakicheka dakika arobaini kabla, ukimya wa korido umeshapungukiwa nguvu. Kwa hiyo namshauri anayeitazama kwa mara ya kwanza aanze na ile ya dakika 137. Wenye toleo refu kama toleo lao la kwanza hawatanisikiliza, nami nimeshaacha kuwabembeleza.

Scott ana kisa kinyume. Mwaka 2003 alitoa toleo la mwongozaji la Alien na likawa fupi kuliko la mwanzo, kwa dakika moja tu. Aliingiza matukio yaliyokuwa yamekatwa, akapunguza mengine ili mwendo usilegee. Halafu akasema ile ya 1979 bado ndiyo anayoipenda. Jina "toleo la mwongozaji" lilikuwa la biashara zaidi kuliko la moyo.

Na ndipo tunafika kwenye kidonda.

Alien 3, mwaka 1992. Mashabiki waliotoka sinema mwaka 1986 wakiwa wameona Ripley, Newt, askari Hicks na roboti Bishop wamelazwa salama kwenye vyumba vya usingizi, walirudi miaka 6 baadaye. Kabla majina ya waigizaji hayajamalizika kupita, Hicks kafa, Newt kafa maji ndani ya kijeneza chake cha kioo. Mambo yalikwishatokea nyuma ya pazia. Kilichofuata ni Ripley kunyolewa nywele na uchunguzi wa maiti ya mtoto. Kijitangazo cha awali kilikuwa kimewaahidi watu zimwi kutua Duniani. Walipewa gereza la wanaume kwenye sayari ya viwanda. Cameron mwenyewe hakuficha kwamba aliona ni kofi kwa watazamaji.

Filamu ile iliingia studio kabla hadithi haijakamilika. Waandishi walipishana mlangoni. Mmoja wa waongozaji waliopita, Vincent Ward wa New Zealand, alitaka sayari ya mbao yenye watawa. Aliyeimalizia alikuwa David Fincher, chini ya miaka 30, filamu yake ya kwanza ndefu, anagombana na studio kila asubuhi. Mpaka leo haitaki. Studio ilipoandaa boksi la filamu zote nne mwaka 2003, yeye hakushiriki, ndipo wahariri wakarudi kwenye maelezo yake ya zamani wakaunda toleo la dakika 145, wakati lile la sinema lilikuwa na 114. Zimwi ambalo sinema lilitoka kwa mbwa, humo linatoka kwa maksai. Mfungwa mmoja mwenye wazimu anapata hadithi nzima.

Sasa tazama nyuzi zinavyoshikana. Matukio yaliyorudishwa yalikuwa na sauti ya papo kwa papo tu, ile iliyorekodiwa siku ya kupiga picha, mashine za upepo zikivuma. Mwaka 2003 yaliachwa hivyo, na maneno mengine hayasikiki. Kwa Blu-ray ya 2010 waigizaji waliitwa tena studio, karibu miaka 20 baadaye, wakasoma upya mistari yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema toleo refu la Alien 3 ndilo "la asili", muulize: la asili ya nani? Mwongozaji hakuligusa, sauti imerekodiwa waigizaji wakiwa na mvi, na bado ni bora kuliko lililotoka sinema. Yote matatu ni kweli kwa wakati mmoja.

Kwa miaka kadhaa kulikuwa na tumaini la kulifuta kabisa kosa lile. Mwaka 2015 Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, alionyesha michoro ya filamu ambayo ingeendelea moja kwa moja kutoka Aliens, Hicks akiwa hai na kovu lake. Mashabiki walishangilia. Kufikia 2017 mradi ulikuwa umekufa. Scott alikuwa amerudi na Prometheus mwaka 2012 na Covenant mwaka 2017, kueleza zimwi lilitoka wapi, jambo ambalo watu waliotishwa na Alien hawakuwa wameomba kuelezwa. Resurrection ya mwaka 1997 naipita. Ina mazimwi ya kuogopesha yanayoogelea chini ya maji, basi.

Halafu Agosti 2024 ikaja filamu nyingine ya mfululizo huu, Romulus ya Fede Álvarez, na ikafunga fundo la mwisho. Humo kuna roboti mwenye sura ya Ian Holm, yule aliyeigiza Ash, roboti wa kwenye Alien ya mwaka 1979. Holm alifariki mwaka 2020. Familia iliridhia, mwanasesere alitengenezwa, mwigizaji mwingine akatoa msingi, kompyuta ikapaka uso juu. Matokeo yalikuwa mdomo unaotembea kama si wake. Watu walipiga kelele, na Álvarez akakubali kwamba muda uliwabana. Filamu ilipotoka kwa ajili ya nyumbani, miezi michache baadaye, uso ulikuwa umerekebishwa, mwanasesere akaonekana zaidi na kompyuta kidogo. Yaani filamu haijamaliza mwaka na tayari ina matoleo mawili yasiyofanana, na lile la sinema, lenye mdomo mbovu, huenda usilikute tena. Juu ya hayo, studio iliitoa pia kwenye kanda ya VHS, idadi chache, kwa ajili ya wenye hamu ya zamani. Teknolojia yote ya kutengeneza picha safi, halafu wanaiuza kwa kuichafua.

Hapo nilicheka, maana wengi wetu huku hatukuwa na picha nyingine ya kulinganisha. Waliokutana na Ripley kwenye vibanda vya video miaka ya 1990 walikutana naye kwenye kanda iliyorekodiwa kutoka kanda iliyorekodiwa kutoka kanda. Rangi imetapakaa, mstari mweupe unapanda kutoka chini, mwenye mashine anapiga kisanduku kofi. Alien ilipigwa kwa upana wa sinema. Kuiingiza kwenye runinga ya mraba ilibidi karibu nusu ya picha ikatwe pembeni, na pembeni ndiko Scott alikomficha mnyama. Wengine waliipata filamu ikiwa na msimulizi juu yake, kama alivyofanya Lufufu kwa filamu za kigeni Tanzania au DJ Afro anavyofanya Kenya: mhusika anapewa jina la mtaani, maneno hayafuati kilichosemwa, na ukumbi mzima unaangua kicheko mahali ambapo London walipiga yowe. Nani atatuambia ile haikuwa filamu?

Na leo tunaitazama kwa bando. Vidoti vinavyorukaruka bila mpango ni mzigo kwa intaneti, kwa sababu ubanaji wa video unategemea sehemu za picha zisizobadilika, na chembe hubadilika kila fremu. Diski ya 4K inaweza kufikia megabiti 128 kwa sekunde. Mtiririko wa 4K mara nyingi huishia kati ya 15 na 25, na kwenye simu, mtandao ukizidiwa, chini ya hapo sana. Kwa hiyo hata toleo lenye chembe zote, likifika kwenye kioo cha kiganjani, limeshafagiwa tena njiani, na lililobaki limekatika vimraba. Ukiwa umeshiba hoja za Park Road Post, kumbuka kuangalia kwanza unatazama kwa kifaa gani.

Kuna tukio moja kwenye Aliens ambalo mimi hulitumia kupima kila toleo. Mwishoni, Bishop amekatwa vipande viwili na malkia. Mlango wa meli umefunguka, kila kitu kinavutwa nje angani, Newt anateleza sakafuni, na nusu ya Bishop, iliyobaki na kifua na mikono, inaunyoosha mkono mmoja na kumdaka. Kwenye kanda, na kwenye DVD, ukitazama vizuri unaona kilichofanyika: Lance Henriksen amesimama ndani ya tundu la sakafu, kiwiliwili cha bandia kimelazwa nyuma yake, na anapoinuka kidogo kumshika mtoto, tundu linaonekana. Weusi mdogo, sehemu ya sekunde. Nikiwa mdogo nililiona na sikuelewa; nilidhani ni damu yake nyeupe imegeuka rangi.

Mwaka 2010 walilifuta kwa kompyuta. Juzi nimeweka hiyo ya 2024 nikarudisha nyuma mara tatu, taratibu, fremu kwa fremu. Newt anateleza, mkono unanyooka, kiwiliwili kinainuka. Sakafu ni nzima.